Chupa ya Mkwe

Point, Durban
4 Februari 2024

Papa,

Nakusalimia kwa mikono miwili, mimi na mtoto. Tuko wazima. Joto la huku mwezi huu linabandika nguo mwilini, lakini dirisha letu linaangalia bandarini, kwa hiyo upepo tunaupata bila kuomba.

Barua hii anakuletea Maman Cathy, yule mama anayeuza nguo kati ya Durban na Lubumbashi. Safari hii anafika mpaka Kalemie kwa dada yake. Amebeba chupa moja, ameifunga ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Papa, chupa hiyo ndiyo kinywaji cha mkwe. Anaclet mume wangu ameitoa kwa mikono yake.

Nakumbuka ulivyosema: mambo ya ukwe hayasemwi kwa simu, maana simu inakatika katikati ya neno, na neno nusu ni ugomvi. Ndiyo maana naandika. Najua pia kwamba kwetu kinywaji cha mkwe ni munkoyo. Nilijaribu, Papa. Unga wa mahindi huku iko, mizizi ya kuichachusha aliniletea Maman Cathy, nikapika, ikatoka tamu vizuri. Tukaitia kwenye chupa ya plastiki ili isafiri. Kesho yake ikapasuka, ikaruka mpaka kwenye dari, na jirani wa juu akashuka mbio kuuliza nani amepigwa risasi. Anaclet akapangusa uso akasema, "Leti, munkoyo haina pasipoti."

Hii tunayotuma ni mvinyo mwekundu wa Hispania. Nafanya kazi jikoni kwenye mgahawa mmoja huko Glenwood, wanapika vyakula vya Kihispania, sahani ndogo ndogo nyingi mezani, kila mtu anachovya mkate wake. Bosi aliposikia ni kinywaji cha kumpa baba mkwe, aliichagua mwenyewe. Zabibu zake ni za aina mbili, moja inaitwa Tempranillo, nyingine Garnacha, wamezichanganya. Goodluck, mhudumu wetu, kijana wa Tanzania, anasema ya kwanza ni mifupa na ya pili ni nyama, na hakuna mtu anayekula mifupa mitupu. Nikaona neno hilo linafaa ukwe.

Mtoto ana miezi mitatu. Kwenye karatasi ya hospitali ameandikwa Anaïs, lakini jina la nyumbani ni lako kulitaja, babu akishakunywa. Kwa sasa majirani wote wanamwita Mgeni. "Mgeni amelala?" "Mgeni amenyonya?" Ninacheka nao, lakini sitaki akue akiwa mgeni nyumbani kwake.

Waite wazee, mwonje, umpe jina.

Binti yako,
Laetitia


Kalemie
27 Februari 2024

Kwa Laetitia.

Barua yako nimeipokea ikiwa imefungwa. Chupa pia imefika, haikuvunjika. Mama aliyeileta ana adabu.

Wazee walikutana Jumapili baada ya misa. Kinywaji kilifunguliwa na kuonjwa kama desturi inavyotaka.

Jina la mtoto litangoja.

Mvua huku ni nyingi, mihogo inaoza ardhini. Mfunike mtoto kifua, upepo wa bahari si wa kuchezea.

Baba yako,
Baudouin


Point, Durban
17 Machi 2024

Tantine Agathe,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia katikati. Papa ameniandikia. Barua nzima inaenea kwenye kiganja. Anasema chupa haikuvunjika, anasema mihogo inaoza, na kati ya hayo mawili ameweka neno moja tu: jina la mtoto litangoja. Litangoja nini, Tantine?

Nilimpa Anaclet asome alipotoka kazini. Unajua anafanya kazi kwenye ghala moja huko Mobeni, anapanga maboksi tangu asubuhi, anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alisoma akiwa amesimama mlangoni, hata viatu hajavua. Akasema, "Sawa. Kwa watu wa kwenu, mtu wa Kasai kama mimi atabaki kuwa mtu wa Kasai."

Nikamwambia, "Papa hayuko hivyo."

"Eish, Leti. Kinywaji wamekunywa, jina wamekataa. Mimi nielewe nini hapo?"

Halafu akamchukua mtoto, akamwogesha kama kila jioni. Lakini hakumwimbia. Kila siku anamwimbia.

Ubatizo ni Pentekoste. Anasema siku hiyo ikifika na neno halijatoka Kalemie, atamtajia mtoto jina la upande wake, na mambo yaishie hapo. Siwezi kumkatalia, mtoto ni wake pia. Lakini kwetu, mtoto wa kwanza ambaye babu yake amekataa kumtaja, anakaa upande gani? Nani atamjua akifika huko siku moja na kusema mimi ni mjukuu wa Baudouin?

Wewe ndiye shangazi uliyenilea mama alipofariki. Niambie ukweli hata kama unauma. Mvinyo uliharibika njiani? Wazee walisema nini? Maman Cathy anarudi huko wiki ijayo, jibu umpe yeye. Papa asione.

Mtoto wako,
Laetitia


Kalemie
2 Aprili 2024

Leti wangu,

Ningekupigia, lakini simu yangu ikilia tu baba yako anasogeza kiti, anakaa karibu yangu kama askari wa forodha. Kwa hiyo nimejifungia huku chumbani naandika. Anafikiri natafuta sindano.

Sasa sikiliza vile mambo yalivyokwenda.

Wazee walikuja wanne, na mbele yao Mzee Honoré, unamjua, mdomo wake haulali. Chupa ikawekwa mezani. Kwanza kabisa Honoré akavaa miwani akaangalia picha iliyo kwenye karatasi ya chupa. Akaruka. "Punda! Mkwe ametuletea punda! Wenzangu, hapa nani ameitwa punda?" Watu wakacheka, hata baba yako kidogo. Mpaka hapo hakuna ubaya.

Mimi nilikuwa nimefanya sehemu yangu. Kinywaji cha mkwe hakinywewi mdomo mtupu, nyumba ya bibi harusi inaweka cha kushika mkononi. Nikaamka mapema, nikaenda ziwani kungoja mitumbwi, nikapata ndagala wa asubuhi, bado wanang'aa. Nikawakaanga kwa mafuta mengi na chumvi. Leti, walikuwa wazuri! Wazee wakala sahani nzima kabla chupa haijafunguliwa.

Wakaonja.

Mdomo ukakauka kama tumelamba majivu. Hilo tungelivumilia, dawa ngapi tumekunywa maishani. Lakini nyuma yake ikaja ladha nyingine, ya chuma. Ya msumari. Mimi mwenyewe nilionja, ni kama umejing'ata ulimi. Tukaangaliana. Honoré akatoka mpaka mlangoni akatema, akarudi akasema ile sentensi ambayo kila mtu alikuwa nayo mdomoni: "Mkwe akileta kinywaji chenye damu, nyumba yake haina amani."

Hakuna aliyecheka tena. Wakachukua kofia zao.

Baba yako hakutema. Alimeza, Leti. Akarudisha kizibo, akaisukuma chupa chini ya kitanda chake. Watu walipoisha kuondoka akabaki ameketi, akaniuliza kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mama yako azikwe: "Agathe, mtoto anapigwa huko?"

Nikamwambia sijui. Na kweli sijui. Kwa hiyo sasa mimi ndiye nakuuliza. Usinifiche. Kama mwanaume huyo anakuinulia mkono, sema, tutatafuta njia ya kukurudisha, wewe na mtoto wako.

Chana barua hii ukishasoma.

Tantine wako,
Agathe


Point, Durban
14 Aprili 2024

Tantine,

Nimesoma barua yako kwenye teksi ya kwenda kazini nikalia mpaka mama mmoja akanipa tishu. Halafu nikacheka. Ngoja nikueleze, usinione nimechanganyikiwa.

Hapana. Hajawahi kuniinulia mkono. Hata sauti hainui, akikasirika anaosha vyombo.

Sasa kuhusu damu. Nilifika jikoni nikamwuliza Goodluck, "Kaka, mvinyo ukiwa na ladha ya chuma, umeharibika?" Akaniuliza walikula nini. Nikamwambia ndagala, hawa mnaowaita dagaa, wa kukaanga. Basi, Tantine, akaweka sinia chini akashika kichwa.

"Dada Leti! Dagaa na mvinyo mwekundu? Jamani, hao wazee wamelamba kufuli!"

"Usicheke, ni wazee wangu."

"Siwacheki wazee. Nakucheka wewe unayefanya kazi humu ndani ukatuma chupa bila kusema iliwe na nini. Samaki wa mafuta na mvinyo mwekundu ni mawifi wawili kwenye jiko moja. Kila mmoja mzuri kwao."

Akafungua kopo la dagaa, akanimiminia kidogo chini ya glasi. Nikamwambia nanyonyesha. Akaniletea ndoo ndogo. Kumbe wenyewe wa mvinyo wanaonja na kutema, siyo aibu, ndoo yenyewe ni ya fedha. Mtoto alikuwa mgongoni mwangu, anavuta shanga za masikio.

Nikaonja mvinyo peke yake, nikatema. Mzuri. Nikala dagaa mmoja, nikaonja tena. Tantine! Msumari. Damu ileile uliyoniandikia, nikatema mbio. Goodluck akasema subiri, osha mdomo kwa mkate. Akanikatia kipande cha kondoo aliyetoka kwenye oveni, na mafuta yake. Nikaonja mara nyingine, na ile chupa ikawa chupa nyingine kabisa. Chuma hakuna. Sikuamini, nikarudia.

Kwa hiyo siyo mkwe, na siyo mvinyo. Ni ndagala wako, Tantine, wa asubuhi, wanaong'aa. Usihuzunike. Mimi ndiye sikusema.

Jioni nikamweleza Anaclet yote. Alikuwa na hasira bado, akasema, "Nitume tena ili wateme tena?" Nikamsomea pale Papa alipouliza kama napigwa. Akaketi kitandani. Baadaye akasema, "Basi hakukataa kwa sababu ya Kasai. Aliogopa kwa ajili yako." Akavaa viatu tena, akaenda yeye mwenyewe kwa bosi wangu kutafuta chupa nyingine kama ile. Ndiyo hiyo Maman Cathy anaileta.

Papa nimemwandikia barua yake. Sijamwambia kwamba najua. Wewe tafuta mbuzi tu, na siku hiyo usikanyage ziwani.

Leti


Point, Durban
14 Aprili 2024

Papa,

Barua yako ilifika, asante. Kifua cha mtoto nakifunika.

Nakuandikia kwa sababu chupa ya kwanza niliituma bila maelezo yake, na hilo ni kosa la mtu wa jikoni. Ni kama kumtuma mgeni kwako bila kukuambia anakula nini. Anaclet ametuma nyingine. Naomba hii uiongoze kama nitakavyosema hapa, halafu uamue unavyoona.

Kwanza usiiache kwenye joto. Iweke ndani ya ndoo ya maji mpaka chupa iwe baridi kidogo mkononi, isiwe baridi sana. Ifungue mapema, iachwe ipumue wakati nyama inaiva.

Sasa ladha yake. Ukiinusa utapata matunda meusi. Huku wanasema cherry, lakini cherry sisi hatuijui, mimi nasema zambarau. Unakumbuka zambarau za pale nyuma ya stesheni, tulivyokuwa tukirudi na ndimi za bluu? Ni hiyo, ikiwa imeiva sana. Nyuma yake iko karafuu kidogo, na moshi, na harufu ya kiatu kipya cha ngozi, kwa sababu mvinyo huu umelala ndani ya pipa la mti. Utamu wa munkoyo usiutafute, haumo. Na mdomo utakauka, Papa, hilo nakuambia mapema ili lisikushtue. Ukavu huo ni wa maganda ya zabibu, kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Haujaharibika. Unangoja chakula.

Na chakula chake ni nyama yenye mafuta. Mbuzi wa kuchoma ndiye ndugu yake. Mafuta yanafunika ukavu, na ukavu unaosha mafuta, kwa hiyo kila mkirudisha mikono kwenye sahani mdomo unakuwa mpya. Maharage ya kuungwa na nyama ya nguruwe pia yanafaa. Uyoga unafaa, hata bilinganya iliyochomwa mpaka ganda likawa jeusi. Pilipili punguzeni, kwa sababu pilipili inawasha pombe moto kooni na Mzee Honoré atapiga kelele.

Samaki hapana. Samaki wa ziwa letu ni watamu kuliko wa huku, lakini wakikutana na mvinyo huu wanazaa ladha ya chuma, na mtu asiyejua anaweza kufikiri mambo mengine.

Nimemaliza ya chupa. Acha nikuambie na ya nyumbani, kwa sababu barua iliyopita sikukuambia.

Tuna chumba kimoja. Asubuhi Anaclet anaamka kabla yangu, anachemsha maji, anakunywa chai akiwa amemshika mtoto ili mimi niongeze usingizi. Jioni yeye ndiye anayemwogesha, mimi siruhusiwi, anasema namshika kama sahani. Anamwimbia nyimbo za kwao, maneno siyajui yote, nadhani mengine anabuni. Nikichelewa Glenwood anakuja kutungoja kwenye robot, hizi taa za barabarani, pale karibu na mgahawa, anamhamishia mtoto kifuani kwake, watu wanapita wanamsalimia. Mwili wangu mzima, Papa. Sina alama yoyote ila ya mafuta yaliyoniruka jikoni mwezi wa pili, na siku hiyo yeye ndiye aliyelia.

Nilitaka ujue hayo ukiwa unaonja.

Binti yako,
Laetitia


Kalemie
6 Mei 2024

Kwa Laetitia, mwanangu.

Nathibitisha kupokea chupa ya pili pamoja na maelezo. Miaka yote niliyofanya kazi reli, mzigo wenye maelezo haukupotea hata mmoja.

Nimefuata ulivyoandika. Ndoo ilitoka kisimani. Mbuzi ni wa kwetu, yule mweusi mwenye kelele. Agathe alimloweka usiku kucha ndani ya mvinyo wa chupa ya kwanza, ambao ulikuwa umegeuka siki chini ya kitanda changu. Alisema kitu cha mkwe hakitupwi. Samaki hawakuingia nyumbani siku mbili, na paka amehama.

Kabla sijawaita wazee nilionja peke yangu, nyuma, kwenye jiko la Agathe, mlango umefungwa. Niliona kwamba kama damu itarudi, hakuna sababu ya kijana kuaibishwa mara ya pili mbele ya watu.

Nilinusa. Zambarau za stesheni nimezipata. Kiatu kipya nimekipata pia, na sikufurahi, kwa sababu sijavaa kiatu kipya muda mrefu. Nikaonja. Mdomo ukakauka. Nikangoja chuma. Nikala mbuzi, nikaonja tena, nikangoja tena. Chuma haikuja. Ukavu ukaondoka na mafuta, na nyuma yake ukaja utamu mdogo, umechelewa, kama mtu mwenye haya anayeingia kanisani wimbo ukiwa umeanza. Nilikaa na utamu huo kwa muda. Agathe aligonga mlango akauliza kama nimekufa.

Ndipo nikawaita.

Honoré alikuja akiwa tayari amekunja uso. Akala, akanywa, akakunjua uso. Akasema punda wa safari hii amebeba mzigo mwingine. Nikamkumbusha kwamba siku ile alitema. Akakataa, eti alikohoa. Wazee wote walisema alitema, yeye akasema basi ni macho yao yaliyokohoa. Alipomaliza mfupa wa mwisho aliuliza kama Durban kuna mabinti wengine wa Kalemie ambao hawajaolewa, ili chupa ziendelee kuja. Walikunywa mpaka tone la mwisho, kila mmoja alishika glasi yake mwenyewe na hakuna aliyekwenda mlangoni.

Sikumuuliza Agathe alikuandikia nini. Dada yangu akitafuta sindano saa nzima na kutoka bila sindano, mimi nimeelewa. Wewe pia hukuniambia unajua nini, lakini ulijibu swali ambalo sikukuuliza. Ukurasa huo wa nyumbani kwenu nimeusoma zaidi ya ule wa chupa. Ile alama ya mafuta, ipakeni asali.

Sasa jina.

Mtoto ni Feza. Ni jina la mama yetu, mimi na Agathe. Wewe hukumkuta. Hakuwahi kuketi na wazee, wakati ule mwanamke hakuketi nao. Lakini katika nyumba hii hakuna shauri lililokatwa kabla chungu chake hakijateremshwa motoni. Watu walikuja na ugomvi, wakala, wakaondoka wakiwa wamesahau nusu. Nilikuwa nimelitunza jina hilo, sikujua namtunzia nani.

Mwambie mkwe wangu Anaclet kwamba kinywaji chake kimekubaliwa na watu wote, na kwamba kwenye nyumba hii ana kiti. Mwambie pia aendelee kubuni maneno ya nyimbo. Mtoto hajui tofauti.

Baba yako,
Baudouin


Durban
19 Mei 2024, Pentekoste

Papa, na Tantine anayesoma nyuma ya bega lako,

Barua ilifika Ijumaa mchana, Maman Cathy aliileta mpaka mlangoni kwetu. Niliisoma nikiwa nimesimama. Nilitaka kungoja Anaclet arudi jioni, nikaweka maji ya chai, nikazima jiko, nikamfunga mtoto mgongoni, nikapanda teksi mpaka Mobeni.

Sijawahi kufika pale. Barabara ni ya malori matupu, hakuna hata mti. Mlinzi wa geti akaniuliza namtafuta nani, nikamwonyesha kwa kidole, maana nilimwona mbali, anashusha maboksi kwenye lori na wenzake. Nikaita, "Papa Feza!"

Hakugeuka. Angejuaje kwamba ni yeye.

Nikaita tena, kwa nguvu, malori yakinguruma. "Papa Feza! Papa Feza wa Kalemie!" Wenzake wakaanza kuangaliana kila mtu akitafuta ni nani. Ndipo akaniona mimi, akaona mtoto, akaona bahasha mkononi mwangu. Akasimama na boksi kifuani. Hakuliweka chini, hakusogea. Dereva wa lori akamwambia kitu kwa Kizulu, wenzake wakacheka, na mmoja akalitoa boksi mikononi mwake polepole kama mtu anayemtua mzee mzigo. Akaja mpaka kwenye geti, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaweka uso wake kati ya vyuma. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akamwambia mtoto, "Feza?" Naye akamshika pua.

Leo kanisani padri alipouliza mtoto anaitwa nani, ilikuwa zamu yangu kujibu, lakini Anaclet alijibu kabla yangu, kwa sauti ya ghalani. Watu wa viti vya nyuma walicheka. Goodluck alikuja na shati jeupe, kumbe alimwomba bosi bega la kondoo, na sasa hivi naandika nikisikia wanavyobishana kule kwenye korido nani akate nyama. Majirani wameleta viti. Jirani wa juu ameleta watoto wake wote.

Chumba chetu leo ni kidogo kweli. Mtoto amelala katikati ya kelele, na kila anayeingia anainama, anamtaja jina, halafu ananigeukia mimi na kunisalimia kwa jina langu jipya. Bado sijazoea kuitika. Nitazoea.

Tunawashukuru kwa mikono miwili, wote wa nyumba hiyo.

Mama Feza